Nukta Mbili na Kistari



Barua yangu moja ilirudishwa mezani pangu kwa ajili ya nukta mbili tu. Nilikuwa nimeandika, “We need: ink, paper and stamps.” Nukta mbili ni mpiga mbiu: hutangaza yajayo baada ya maneno kutimia. Ndiyo maana ni sawa kuandika, “We need three things: ink, paper and stamps.” Wala haihitaji kistari nyuma yake, ingawa wengi tumezoea kukitia.

Neno la pembeni likiingizwa katikati ya sentensi, huwekwa baina ya vistari virefu viwili. Ukifungua, sharti ufunge. Kistari kifupi huunga maneno, hakitengi.

Ndugu zangu, tusome tena kabla ya kupeleka barua kutiwa sahihi.