Kulegeza Nati Sugu ya Ekseli
Nati ya ekseli, yaani ile nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu na inayobana shafti, kitovu na beringi pamoja, hukazwa kwa takribani nyutoni-mita 200 au zaidi katika magari mengi madogo, na kutu ya miaka huongeza ukaidi wake. Kabla ya kuishika spana, ukingo wa nati uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti sharti unyanyuliwe kwa tindo nyembamba, au pini ichomolewe, kwani wanaoiruka hatua hii huharibu uzi wa shafti. Mafuta ya kulegeza kutu hunyunyiziwa, yakaachwa usiku kucha.

Kazi yenyewe hufanywa magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi, kabari zimewekwa na msaidizi amekanyaga breki. Kuisukuma nati hiyo gari likiwa juu ya jeki ni hatari isiyo na udhuru. Soketi ya pembe 6 hushika vizuri kuliko ya pembe 12, na mpini wake ukirefushwa kwa bomba la chuma hadi mita 1, uzito wa kilo 30 ukikandamiza mwishoni hutoa takribani nyutoni-mita 300. Nati ikishaachia kidogo tu, gari hunyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi, maana beringi isiyobanwa haifai kubebeshwa uzito. Moto usitumike kabisa, kwa sababu huyeyusha grisi na kuunguza mpira unaofunika kiungo cha shafti. Wakati wa kurudisha, nati iliyogongwa ukingo hubadilishwa kwa mpya.