Mashine za Kuvuna na Mikono Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema nanyi kabla hesabu za mwaka hazijasomwa, nasi twashukuru. Tulipoulizwa tutasema juu ya jambo gani, hatukutafuta mbali. Mwaka huu wote, kila tulipokutana, iwe msibani au harusini, neno moja limerudi vinywani mwa watu: mashine ya kuchuma chai. Katika ukumbi huu wamo waliochuma kwa mikono miaka mingi, kisha wakaambiwa kazi imekwisha. Wamo pia wenye mashamba madogo ambao wamekwisha kuikodi mashine hiyo, kwa kuwa ujira wa wachumaji unawashinda. Wote ni wanachama, na wote hulipa ada ileile. Kwa hiyo hatukuja kumlaumu mtu. Twataka kueleza habari za mashine nyingine za kuvunia, zilizowafikia watu wengine zamani, ili tupate kuyapima mambo yetu kwa mfano wa waliotutangulia.

Wazee wetu wanakumbuka jinsi wimbi lilivyovunwa hapa kwetu: mama zetu waliingia shambani na kisu kidogo, wakakata masuke kwa mkono. Huko Ulaya na Marekani ngano ilivunwa kwa mundu, na nyuma ya mkataji alifuata mtu wa kukusanya na kufunga miganda. Ngano iliyoiva haina subira. Ikikawia, punje humwagika chini, au mvua huiozesha. Basi mkulima hakulima kadiri ya ardhi aliyokuwa nayo, bali kadiri ya mikono aliyoweza kuipata katika siku chache za mavuno.

Watu wengi walijaribu kuliondoa shida hilo. Mwaka 1828 kijana mmoja wa Scotland, Patrick Bell, aliyekuwa akisomea uchungaji, alivuna kwa mashine iliyosukumwa na farasi kutoka nyuma. Hakuomba haki ya kuimiliki peke yake, kwa maana alitaka wakulima wote wafaidike. Huko Marekani, Obed Hussey alipata haki ya mashine yake mwaka 1833, na Cyrus McCormick wa Virginia akapata ya kwake mwaka 1834, baada ya kuijaribu mbele ya watu mwaka 1831. Hapa inafaa tukumbuke jina moja ambalo halikusifiwa siku zile. Aliyefanya kazi pamoja na McCormick katika kuunda mashine hiyo alikuwa Jo Anderson, mtu mweusi, mtumwa katika shamba la ukoo huo. Sifa na mali vilimwendea bwana.

Kazi ya mashine yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kisu kirefu chenye meno kilikwenda huku na huku kwa nguvu ya gurudumu lililozunguka ardhini. Vidole vya chuma vilishika mabua yasikimbie kisu, na vipao vilivyozunguka viliyainamisha yaanguke juu ya ubao. Hata hivyo kazi ilikuwa nusu tu. Mashine ilikata, lakini watu walibaki nyuma wakiinama kufunga miganda.

Kufunga ndiko kulikowashinda mafundi kwa muda mrefu, kwa maana kukata ni nguvu, lakini kufunga fundo ni akili ya vidole. Mwaka 1858 ndugu wawili wa ukoo wa Marsh walipata haki ya mashine iliyowapandishia mabua watu waliosimama juu yake, wakafunga huku wakienda. Baadaye zilikuja mashine zilizofunga kwa waya, lakini vipande vya waya viliingia katika chakula cha ng'ombe na katika vinu vya unga, na wakulima wakalalamika. Mwishoni mwa miaka ya 1870, John Appleby wa Wisconsin alikamilisha chombo kidogo chenye mdomo kama wa ndege, kilichozungusha kamba, kikaishika ncha yake, kikafunga fundo na kuachilia mganda. Husimuliwa kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu ujana wake. Mahindi nayo yalipata mashine yake ya kukata na kufunga mabua mwaka 1892, kwa ustadi wa A. S. Peck wa Illinois. Nasi mpaka leo wengi wetu twakata mahindi kwa panga na kuyasimamisha mabua shambani yakauke.

Sasa, wanachama, tazameni jinsi mambo yalivyopokewa. Huko Illinois ardhi ilikuwa tele na mikono michache. Aliyenunua mashine alikuwa ndiye mwenye ngano, na McCormick alimkopesha, akalipa baada ya mavuno. Kwake mashine ilikuwa baraka. Lakini kusini mwa Uingereza, mwaka 1830, ilikuwa kinyume. Huko ardhi ilikuwa ya wachache na vibarua walikuwa wengi, nao walitegemea kazi ya kupura nafaka kwa mikono ili wapate chakula wakati wa baridi. Mashine za kupura zilipowanyang'anya kazi hiyo, walitoka usiku wakazivunja. Serikali iliwaadhibu vikali: watu 19 walinyongwa, na mamia wakapelekwa Australia kama wafungwa. Mashine hazikutoweka.

Twajifunza nini? Mashine humnufaisha mwenye shamba aliyeinunua kwa hiari yake, na humdhuru yule asiye na kitu ila mikono yake. Basi swali la kwanza si kama mashine ni nzuri au mbaya. Swali ni hili: ni mali ya nani, na mikono inayoachwa itakwenda wapi?

Liko na jambo la pili, nalo lilitokea karibu nasi. Mashine ya Appleby ilihitaji kamba nyingi kila mwaka, na kamba hiyo ilitengenezwa kwa nyuzi za mimea kama katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika hai katika pwani ya Tanganyika, na kutoka katika hiyo yalitokea mashamba makubwa ya Tanga. Maelfu ya watu walisafiri kutoka mbali wakakate mkonge, ili mkulima wa Marekani au Ulaya afunge mganda wake. Hivyo mashine iliyowaondolea watu kazi upande mmoja wa dunia iliwapa wengine kazi upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikawa ya kwanza duniani. Kisha zikaenea mashine zinazokata na kupura kwa pamoja bila kufunga mganda, na zikaja kamba za plastiki. Bei ilianguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Kazi iliyoletwa na mashine moja iliondolewa na nyingine.

Turudi nyumbani. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na kwa miaka themanini jani lilichumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi. Mashine za kuchumia zilianza kuonekana katika mashamba hayo katikati ya miaka ya 2000. Mwezi wa Machi 2023 kamati iliyochunguza tasnia ya chai ilitaja kazi 30,000 zilizopotea katika Kericho pekee kwa muda wa miaka kumi. Mwezi wa Mei mwaka huohuo mashine zilichomwa moto, na mtu akapoteza maisha. Twajua uchungu uliowasukuma vijana wale, nasi hatuwacheki. Lakini tumekwisha kuona habari za mwaka 1830 zilivyoishia.

Hata hivyo hali yetu si ile ya Uingereza peke yake. Wengi wetu tuna chai yetu wenyewe, tunaipeleka Kapkoros, Mogogosiek au Litein, na viwanda hivyo ni vya wakulima. Hapo sisi twafanana na mkulima wa Illinois. Wazee wetu nao walitupa mfano. Katika miaka ya 1930 Wakipsigis walinunua plau za kukokotwa na ng'ombe na kujenga vinu vya maji, wengine kwa kuchangiana, wakasaga mahindi yao wenyewe. Hawakungoja chombo kije mikononi mwa mgeni.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu shauri la mambo matatu. Kwanza, chama kisimame na waliopoteza kazi kwa kufuata sheria, wapate malipo yao yote ya miaka waliyofanya kazi, wala mwanachama asiguse kiberiti. Pili, wenye mashamba wanaopeleka majani kituo kimoja wakitaka mashine, wainunue kwa ushirika, na watakaoiendesha na kuitunza wawe kwanza wale wachumaji walioachishwa kazi. Tatu, sehemu ya ada ya kila mwaka itengwe kwa ajili ya kuwasomesha vijana ufundi wa mitambo. Twajua wako wazee wanaoona kwamba fedha hizo zingebaki katika mfuko wa maziko. Shauri lao lina uzito, kwa maana kumsitiri aliyekufa ni wajibu wetu wa kwanza tangu chama kilipoundwa. Lakini twawaomba wafikiri kwamba kijana asiye na kazi naye ni msiba, na msiba wake hauishi kwa siku tatu.

Mashine ya leo nayo itaondolewa na nyingine. Mtoto aliyejua kuifungua na kuifunga hatapotea itakapoondoka, kwa maana ataifungua na ile itakayofuata.

Uamuzi ni wenu, wazee na wanachama.