Panya na Mabakuli Mawili

Wahenga walisema: mazoea yana taabu. Leo nataka kuwaeleza jinsi wataalamu walivyoipima taabu hiyo kwa panya, na faida ipatikanayo humo kwa wanadamu.

Jaribio lenyewe lilitangazwa mwaka 2000 na Jennifer Birrell na Verity Brown, wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Vyombo vyake si vya fahari: mabakuli mawili, kila moja limejazwa kitu cha kufukuliwa, na katika moja kimefukiwa kipande kidogo cha chakula. Panya mwenye njaa hufukua kwa tabia yake, hata kazi ya kumfundisha si kubwa.

Basi tuchukue mfano. Bakuli moja lanukia mdalasini, la pili karafuu. Tena moja lina unga wa mbao, la pili lina changarawe. Chakula kimo daima penye mdalasini, pawe na unga wa mbao au changarawe. Panya hukosea mara chache, kisha hutambua kwamba harufu ndiyo dalili, na kile kinachofukuliwa si kitu. Akipata mara 6 mfululizo, huhesabiwa kuwa amejua.

Huenda msikilizaji akauliza: Je, hanusi chakula chenyewe? Swali jema. Kwa sababu hiyo wengi wafanyao jaribio hili huchanganya unga wa chakula hicho katika mabakuli yote mawili.

Panya akiisha kujua, kanuni hugeuzwa, naye haambiwi. Mageuzi hayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kupindua: chakula kilikuwa penye mdalasini, sasa kimo penye karafuu. Harufu ingali dalili, ila jibu limegeuka. Namna ya pili ni kuhamisha: huletwa harufu mpya na vitu vipya vya kufukua, na harufu haina maana tena, dalili sasa ni kile kinachofukuliwa. Hapo panya hana budi kuliacha aliloliangalia, na kuliangalia alilolipuuza. Panya mzima huweza, lakini huchukua majaribio mengi zaidi kuliko akiletewa harufu mpya na harufu ikabaki kuwa dalili.

Kisha panya wengine walilazwa kwa dawa, na sehemu ndogo ya mbele ya ubongo wao, upande wa kati, ikaharibiwa. Walipopona walijifunza kama wenzao, na jibu lilipopinduliwa waliligeuza kama wenzao. Walikwama mahali pamoja tu, yaani katika kuhamisha. Mwaka 2003 Brown na mwenzake walionyesha kinyume chake: panya walioharibiwa sehemu ya ubongo iliyo jirani na matundu ya macho walikwama katika kupindua, wala si katika kuhamisha. Hivyo lile tuliitalo kwa neno moja, kubadili nia, kumbe ni kazi mbili, na kila moja ina mahali pake katika ubongo.

Mambo haya yanatuhusu nini? Mwaka 1963 Brenda Milner, wa Montreal, Kanada, alieleza habari za wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Aliwapa karata za kupanga kwa rangi, au kwa umbo, au kwa hesabu ya picha. Hawakuambiwa kanuni, ila waliambiwa tu "ndiyo" au "siyo". Kanuni ilipogeuzwa kimya kimya, wengi waliendelea kupanga kama kwanza, japo kila mara walisikia "siyo". Wagonjwa wengi wa skizofrenia nao hupata shida katika majaribio ya namna hii. Kwa hiyo jaribio la mabakuli hutumika kuchunguza dawa ambazo huenda zikawafaa.

Wasikilizaji, mtu wa namna hiyo nyumbani huitwa mkaidi. Hugombezwa, hata hupigwa, kwa kuwa ameambiwa mara kumi na angali akifanya lile lile. Lakini panya wa St Andrews hakuwa na kiburi, wala hakukosa njaa. Alikitaka chakula, akafukua kwa bidii, akafukua pasipo. Basi mgonjwa aliyeumia kichwa akikwama hivyo, tusimpe jina la mkaidi kabla hajaonwa na daktari.

Kwaherini.