Kipimo cha Mwanga: Kijue Kabla ya Kukiamini

Leo tuzungumze habari za chombo kidogo ambacho siku hizi kinaanza kuonekana mashambani. Nacho ni kipimo cha leza. Ukubwa wake ni kama simu ya mkononi. Unabonyeza kitufe, doa jekundu linatokea ukutani, na mara tarakimu zinajitokeza kwenye kidirisha: mita 18.462. Hakuna kamba, hakuna kuhesabu hatua, wala hakuna kumwita mtoto aje ashike ncha ya pili.

Pengine utauliza, mambo ya ndani ya chombo hicho yananihusu nini mimi mkulima? Yanakuhusu sana, maana yanagusa mfuko wako. Trekta linalima kwa ekari. Kibarua anapalilia kwa ekari. Mbegu na mbolea unanunua kwa ekari. Na ekari yenyewe tumezoea kuipima kwa hatua, 70 kwa 70.

Haya, tupige hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye mita 63 na sentimita 60 hivi kila upande. Hatua 70 kwa 70 zinakaribia hapo ikiwa kila hatua ni yadi moja, sentimita 91. Lakini mtu mrefu akipiga hatua za mita nzima, "ekari" yake inakuwa mita za mraba 4,900. Kibarua anayelipwa kwa hatua hizo amepalilia zaidi ya moja ya tano bila malipo. Mtu mfupi akipiga hatua za sentimita 80, anapata mita za mraba 3,136 tu. Hapo mwenye shamba amelipia robo ya ekari ambayo haikulimwa, au karibu na hapo. Ndiyo sababu kila msimu hatukosi ugomvi.

Kipimo cha leza kinaweza kuumaliza ugomvi huo. Lakini angalia jambo moja: tarakimu kwenye kidirisha zinang'aa vilevile, ziwe za kweli au za uongo. Chombo hakioni haya. Kwa hiyo anayekitumia, na hata anayelipwa kwa kipimo chake, inafaa ajue kinaonaje.

Mwanga huenda mbio sana, kilometa 300,000 hivi kwa sekunde moja. Ukipima mita 60, mwanga unakwenda na kurudi, jumla mita 120, kwa muda wa sehemu 4 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni 10. Hakuna saa ya mkononi itakayokamata muda huo. Basi wataalamu wanafanyaje?

Mwaka 1849, Mfaransa mmoja aitwaye Hippolyte Fizeau alichukua gurudumu lenye meno 720, mfano wa gurudumu la mnyororo wa baiskeli lakini lenye meno mengi zaidi. Alipitisha mwanga katikati ya meno, ukaenda hadi kwenye kioo kilichokuwa mbali zaidi ya kilometa 8, ukarudi. Gurudumu lilipozungushwa kwa kasi ya kutosha, mwanga ulioondoka kupitia pengo ulirudi ukakuta jino limeziba njia. Yeye alijua umbali na kasi ya gurudumu, akapata mwendo wa mwanga. Kipimo chako kinafanya kinyume chake: mwendo wa mwanga kinaujua, kinachotafuta ni umbali.

Ndani ya chombo hamna gurudumu. Katika vyombo vingi vya mkononi, mwanga wenyewe wa leza unafanywa kung'aa na kufifia mamilioni ya mara kwa sekunde. Unaporudi, chombo kinalinganisha mpigo uliotoka na mpigo uliorudi. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Ukisikiliza mchi wa pili, unajua umechelewa kiasi gani nyuma ya wa kwanza. Na kwa vile mpigo mmoja unafanana na mwingine, chombo kinabadili mwendo wa mipigo. Mipigo ya polepole inakisia umbali wote. Mipigo ya haraka inatafuta milimita.

Sasa tuje kwenye macho yake. Tazama uso wa chombo hicho; utaona vioo viwili. Kimoja kidogo, kimoja kikubwa. Kidogo ndicho kinachotoa mwanga. Nyuma yake kuna dayodi ya leza, kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Mwanga unaotoka hapo haunyooki kama watu wengi wanavyofikiri. Unatawanyika, tena unatawanyika zaidi upande mmoja, kama maji ya mpira wa bustani ulioubana kwa kidole gumba. Kazi ya lenzi ni kuikusanya miali hiyo iende sambamba. Lenzi inawekwa mbali na dayodi kwa kipimo maalum. Ikisogea kidogo tu, miali inatawanyika tena. Hata ikikaa sawasawa, doa linakua kadiri linavyokwenda. Kwenye baadhi ya vyombo, doa la milimita 6 kwa mita 10 linafikia sentimita 3 kwa mita 50.

Kioo kikubwa ndicho kinachopokea. Mwanga ukigonga ukuta unatawanyika huku na huku, na unaorudi kwenye chombo ni kiasi kidogo mno. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaorudi unabaki robo. Ndiyo maana lenzi ya kupokea ni kubwa. Unapokinga maji ya mvua hukingi kwa kikombe, unakinga kwa sufuria, si ndiyo? Lenzi yenye upana mara mbili inakinga mwanga mara nne.

Nyuma ya lenzi kubwa kuna chujio. Hili linapitisha rangi nyekundu ya leza na kuzuia rangi nyingine. Baada ya chujio kuna jicho dogo la silikoni linalogeuza mwanga kuwa umeme. Limefanywa dogo kusudi lione sehemu ndogo tu ya huko mbele, pale doa lilipo, lisione uwanja mzima. Hata hivyo jua nalo lina mwanga mwekundu, na chujio haliwezi kuutambua huu wa jua na ule wa leza. Jua likiwa la utosi, wa jua unakuwa mwingi na wa leza unamezwa. Hapo chombo kinakataa kupima, au kinatoa namba inayorukaruka.

Kuna jambo jingine la uhodari. Sehemu ndogo ya mwanga haitoki nje kabisa. Inapitishwa njia fupi ya ndani, inayojulikana urefu wake, hadi kwenye jicho la silikoni. Joto likipanda, vifaa vya umeme huchelewa kidogo, na njia ile ya ndani inaonyesha vimechelewa kiasi gani. Ni kama muuza duka anayeangalia mizani ikiwa tupu kabla hajaweka sukari.

Chombo hiki kina historia yake. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Kipimo cha leza cha kushika mkononi kilitolewa na kampuni ya Leica mwaka 1993, nacho kiliitwa DISTO. Kabla ya hapo vyombo vingi vya kupima kwa mwanga vilikuwa vizito, vya kusimamishwa juu ya miguu mitatu.

Basi, ndugu mkulima, ukishajua hayo, masharti ya kukitumia yanajieleza yenyewe.

Kwanza, pima asubuhi na mapema, au jioni, au siku ya mawingu. Saa sita mchana shambani hata wewe mwenyewe hulioni doa kwa mita 60. Usitegemee chombo kilione vizuri.

Pili, kiwekee shabaha. Kipande cha ubao kilichopakwa chokaa nyeupe kwenye mambo ya pembe ya shamba kinatosha. Udongo mweusi unameza mwanga. Bati linalometa na maji vinautupa kwingine. Na jani la mhindi likikatiza njia, chombo kitapima hadi kwenye jani, wala hakitakwambia.

Tatu, kiegemeze kwenye mambo, usikishike mkononi. Mkono ukipinda nyuzi moja tu, kwa mita 60 doa linahama mita nzima.

Nne, uliza kinapima kuanzia wapi, mbele au nyuma. Vyombo vingi vinakuruhusu kuchagua. Ukikosea, urefu wa chombo chenyewe unaingia kwenye kila kipimo.

Tano, futa lenzi kwa kitambaa laini na kikavu. Vumbi na alama za vidole ni ukungu kwa jicho lake. Usikielekeze kwenye jua, maana lenzi ile kubwa inakusanya miali kama kioo cha kuwashia moto na inaweza kuharibu jicho la ndani. Na kamwe usitazame mwali wake, wala mtoto asiuchezee kwenye macho ya wenzake.

Sita, kijaribu kwanza. Nyosha tepu mita 10, weka ubao mwisho wake, pima mara tatu. Namba zikikubaliana na tepu, endelea. Zikitofautiana, usiwalipe watu kwa namba hizo.

Tena kumbuka kwamba mwanga unafuata mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Kwenye mteremko, kama kule Lushoto, mita 70 za kufuata mteremko wa nyuzi 20 ni mita 65 na sentimita 80 hivi za usawa. Amueni kabla ya kazi mnahesabu zipi. Na shamba ambalo pembe zake si za mraba, pande nne peke yake hazitoshi. Pima pia mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya pili. Hapo unapata pembetatu mbili, na kila moja inahesabika.

La mwisho ndilo kubwa. Mwenye shamba na kibarua, au mwenye trekta, wasimame pamoja wakati wa kupima. Waone ubao, waone doa, waisome namba wote wawili na kuiandika kabla jembe halijagusa ardhi. Kama ni wewe unayelipwa, usione haya kusema: "Ndugu, tuanze na tepu mita 10." Mwenye chombo kizuri hatakasirika. Na anayekasirika, basi mwombe mpime kwa kamba, maana kamba angalau nyote mnaiona.