Bomba, Fuawe na Dharura: Kiingereza Kilivyoficha Vita



Hapa Fedha, mtaa wetu wa Nairobi, makanga wa pale stejini akiita "Pipeline! Pipeline!" sisi tunawaza mtaa wa jirani na bomba la mafuta. Miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni walilitumia neno hilo kwa jambo jingine: mfululizo wa kambi za kizuizini. Mtu aliingia akiwa "mweusi", yaani sugu, akapitishwa kambi baada ya kambi hadi atoke "mweupe", ameshakiri kiapo cha Mau Mau, waasi waliopinga ukoloni. Mafuta hayalii wala hayana mama. Nadhani neno lilipendwa kwa sababu hiyo.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring hakutangaza vita dhidi ya waasi hao. Alitangaza "emergency", neno tunaloliona leo juu ya mlango wa kasualti. Wazee wetu wakaita imajensi, na walijua vizuri maana yake. Vita vina adui, na adui akikamatwa ni mateka. Dharura ina wahalifu tu, na mhalifu hunyongwa: zaidi ya watu 1,000 walinyongwa.

Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa, watu wakatolewa majumbani na kupangwa mistari. Operesheni hiyo iliitwa "Anvil", yaani fuawe ya mhunzi. Nyundo ni nani na chuma ni nani, maafisa hawakusema. Upambanuzi wa washukiwa uliitwa "screening", kana kwamba watu ni unga unaochekechwa. Raia hawakuwa na haja ya mafumbo. Msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho walimwita gakunia, kigunia. Ukilisikia tu, unamwona.

Ndege zinazopita juu ya mapaa yetu hutua Embakasi, uwanja uliofunguliwa mwaka 1958. Wafungwa wa Mau Mau walitumikishwa kuujenga. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo vilitokana na maji waliyokunywa.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya enzi hiyo. Waziri wake, William Hague, alichagua kitenzi "regret". Mfasiri wa Kiswahili hapo hupata taabu: ni samahani au ni pole? Samahani husemwa na aliyekosa. Pole unaweza kumwambia mtu uliyemkuta tu barabarani amejikwaa. Hague alisema pole.

Lakini tusijione watakatifu, maana hata lugha yetu imeshaajiriwa jeshini. Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia kwa operesheni yenye jina la Kiswahili sanifu: Linda Nchi. Kwetu hapa Fedha, mlinzi hukaa langoni mwa ploti anayoilinda. Wale walikuwa wamevuka mpaka.