Mlezi Asiyeshika Mizani: Malezi ya Kikazi katika Nchi ya Chai

Malezi ya kikazi, kama neno hilo linavyotumika katika mhadhara huu, ni uhusiano wa hiari kati ya mfanyakazi mzoefu, anayeitwa hapa mlezi, na mwenzake aliye mchanga katika kazi, yaani mwanagenzi, ambao lengo lake ni kumkuza huyo wa pili hadi aweze kuamua mambo mwenyewe. Uhusiano huo hutofautiana na mafunzo, ambayo hutolewa kwa kundi na kumalizika kwa cheti, na hutofautiana zaidi na usimamizi, ambao katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, una jina lake la zamani la unyapara. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba malezi hufaulu pale tu ambapo mlezi si yule anayeshika mizani, yaani si yule ambaye kalamu yake huamua ujira wa mwanagenzi jioni ileile.

Kinachorithishwa katika kazi ya chai kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kanuni za kuchuma hutosha katika ukurasa mmoja: majani mawili na chipukizi, kurudi kwenye mstari uleule baada ya siku 7 hadi 14, kutoshindilia kikapu. Hata hivyo, anayeanza kazi, akiwa amesimama katikati ya michai inayomfika kiunoni, huona kijani kitupu. Mzoefu ndiye anayelaza ufito juu ya michai ili uso wake ubaki sawa, anayemwonyesha chipukizi lililolala ambalo sharti livunjwe, na anayemfungua kiganja ili aone majani yaliyoanza kupata joto na kugeuka mekundu kwa kuwa yameshikwa mno kabla ya kurushwa kikapuni. Kiwandani ujuzi huu hujificha zaidi. Ingawa vipo vipimo vya unyevu, fundi wa kunyausha hufumbata majani ngumini, akaachia, akatazama kama bonge linafumuka polepole au linatawanyika mara moja. Na anayesimamia kuchacha kwa chai hungoja harufu ya nyasi mbichi igeuke kuwa harufu ya tunda lililoiva. Mwanafalsafa Michael Polanyi, katika kitabu kilichotoka mwaka 1966, aliueleza ujuzi wa namna hii kuwa ni ule ambao mwenye nao hawezi kuutamka wote kwa maneno, na yeyote aliyewahi kusimama kando ya mkanda wa kuchachishia ataelewa kwa nini pua haifundishiki kwa waraka.

Mtafiti wa Marekani Kathy Kram, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu malezi kazini, aligawa kazi za mlezi katika mafungu mawili. La kwanza ni la cheo: kumtaja mwanagenzi mbele ya wakubwa, kumpa majukumu ya kumpima na kumkinga anapoteleza. La pili ni la kinafsi: kumsikiliza, kumkubali na kuwa kielelezo chake. Nyapara mwema anaweza kulibeba fungu la kwanza, lakini la pili humshinda hata akiwa na moyo safi, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa kilo, na aliyesema "sijaelewa" mbele ya anayezihesabu kilo hizo amejitia alama mwenyewe. Malezi huanzia kwenye kukiri kutojua, nako kukiri kunahitaji mahali pasipo na adhabu.

Lipo pia jambo zito kuliko haya. Mwezi wa Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ulioonyesha wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho wakidaiwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi au wasiipoteze. Mahali palipobeba historia hiyo, kumtangaza msimamizi kuwa mlezi wa msichana aliyeajiriwa juzi, akae naye faraghani na kumsikiliza mambo yake ya ndani, ni kumfungia mlango na kuuita ulinzi.

Pwani ya Waswahili ilikwisha kulitatua tatizo hili katika upande mwingine wa maisha. Mwari hakufundwa na mama yake, ingawa mama ndiye aliyejua zaidi. Alikabidhiwa somo, mwanamke mzima aliyeaminiwa na nyumba, ili binti apate wa kumwuliza yale ambayo angeona haya kumwuliza mama. Katika nchi ya chai nako, miongoni mwa Wakipsigis, vijana waliotengwa jandoni walikuwa na motiriot, mtu mzima aliyewafunza na kuwachunga, na jina hilo lingali likitamkwa kwa heshima. Mkono unaolisha ulitenganishwa na ulimi unaofunda.

Mfano wa leo uko kwa wakulima wadogo wa chai walio chini ya KTDA, wakala wa kuendeleza chai nchini Kenya, iliyorithi mamlaka ya maendeleo ya chai iliyoundwa mwaka 1964. Miongoni mwao limeenea shamba darasa, utaratibu ulioanzia kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989, ambapo wakulima wapatao 30 hukutana mara kwa mara shambani, wakilinganisha vipande vilivyotunzwa kwa namna tofauti na kubishana juu ya walichokiona. Hakuna nyapara hapo. Aliyepogoa vizuri mwaka huu humlea aliyekosea, na mwakani zamu huenda ikageuka.

Chepilat, kituo cha biashara kilicho mpakani mwa Bomet na Nyamira kwenye barabara ya Sotik na Keroka, huongeza sharti jingine. Hapo Wakipsigis wa Bomet na Abagusii wa Nyamira hununuliana ng'ombe, maziwa na mboga, na hapohapo ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza nyumba na maduka. Mzoefu anayeachiwa achague wa kumlea, popote pale, huelekea kumchagua anayefanana naye kwa lugha na ukoo, na mpakani mwelekeo huo huwa ukuta. Mwajiri mwenye busara atawaoanisha watu kuvuka mpaka huo, akiacha nafasi kwa kila mmoja kukataa bila kuulizwa sababu, na Kiswahili, ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao, kitakuwa uwanja ambao hakuna aliye mgeni wala mwenyeji.

Kuhusu muda, Kram alionyesha kwamba uhusiano huu hupita hatua nne, za kuanza, kukua, kuachana na kuundwa upya, na hatua ya kuachana ndiyo inayopuuzwa. Mlezi asiyejua kuachia humgeuza mwanagenzi kuwa msaidizi wa kudumu. Dalili kwamba wakati umetimia huonekana palepale penye mkanda wa kuchachishia: mwanagenzi anaamuru chai iingie kwenye kikaushio kabla mlezi hajainama kuinusa, na mlezi hainami.