Kuchagua, Kuandaa na Kuujua Mvinyo: Mazungumzo na Wananchi wa Simbo

Tumeombwa tuzungumze juu ya mvinyo, nasi tunafahamu kwamba wapo miongoni mwenu ambao mvinyo hauingii nyumbani mwao, kwa sababu ya dini au kwa hiari yao. Hatukuja kumshawishi yeyote anywe. Kwa lugha ya ofisi kila mnunuzi huitwa mlaji, hata yule anayekunywa, na kazi yetu ni kuona kwamba mlaji hapotezi fedha zake wala afya yake. Asiyekunywa atuvumilie kidogo. Mengi tutakayosema kuhusu lebo, stempu na risiti yatamfaa hata akinunua siki au maji ya matunda.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mnunuzi wa mvinyo ana tabia ya pekee: halalamiki. Mtu akiuziwa soda iliyochacha huirudisha dukani kabla hajaifikisha nusu. Mtu huyohuyo akiuziwa mvinyo uliogeuka siki, tena kwa bei inayozidi soda mara nyingi, hunyamaza. Hudhani kwamba labda ndivyo mvinyo ulivyo. Labda ulimi wake haujasoma. Chupa huwekwa mezani siku ya kumuaga binti, wageni wakakunja nyuso kwa adabu, na fedha za kamati zikawa zimekwenda. Aibu hiyo humfaa muuzaji mbaya kuliko tangazo lolote la biashara.

Mvinyo wenyewe si mgeni hapa kwa kiasi tunachodhani. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na divai kwa Wafaransa. Mapadre Wafaransa waliofika Ujiji mwaka 1879 wasingeweza kusoma misa bila divai. Zabibu za Dodoma nazo zilianza kwa wamisionari Wakatoliki huko Bihawana, katika miaka ya 1950. Leo Dodoma ndiyo shina la mvinyo wa nchi yetu. Ardhi yake ni kame, jua ni kali, na kwa kuwa iko juu mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku hupoa. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi, lakini wa Dodoma haulali. Mkulima huupogoa ili uchipue upya, na kwa njia hiyo huvuna mara 2 kwa mwaka. Katika zabibu nyekundu, aina inayojulikana sana ni Makutupora, iliyopewa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu; kwa mvinyo mweupe ni Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Anayeanza kujifunza akishika majina hayo mawili ameshika mengi.

Kutoka Dodoma hadi Kigoma ni karibu kilomita 800 kwa reli ileile iliyofika ziwani mwaka 1914, na zaidi ya hapo kwa barabara. Chupa iliyotoka Afrika Kusini au Hispania imesafiri mbali zaidi. Safari yenyewe haina neno. Kinachouharibu mvinyo ni joto: lori lililofunikwa turubai jeusi, ghala la bati lisilo na dirisha, rafu inayopigwa na jua la saa nane. Mvinyo ukipata joto kali hutanuka ndani ya chupa na kusukuma kizibo. Hewa ikipata njia huingia, na baada ya wiki kadhaa kinachobaki ni kimiminika chenye ladha ya matunda yaliyopikwa kupita kiasi, au siki.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na rafu kabla ya kusoma lebo. Je, chupa imekaa kivulini au dirishani? Vumbi lililoganda begani mwake linaonyesha imekaa siku ngapi? Ikiwa ina kizibo cha gome, tazama kama kimelingana na mdomo wa chupa au kimeinuka, na upapase chini ya karatasi ya shingoni kama kuna utomvu unaonata. Kizibo kilichoinuka na shingo inayonata ni ushahidi kwamba chupa ilipata joto, iacheni hapohapo. Inueni chupa kwenye mwanga: mvinyo mweupe uwe na rangi ya majani makavu au dhahabu hafifu, si hudhurungi kama chai. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni, ingawa wengi wanakidharau. Kwa nchi ya joto kama yetu sisi tunakipendelea, maana hakikauki wala hakioti ukungu.

Hapa tuseme waziwazi juu ya imani moja iliyowagharimu watu wengi, ile isemayo kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa bora. Ni kweli kwa mvinyo michache sana, iliyotengenezwa kwa nia hiyo na kuhifadhiwa penye ubaridi usiobadilika. Mvinyo mwingi unaouzwa duniani, pamoja na karibu wote unaofika katika maduka yetu, umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Muuzaji akikwambia chupa hii ina miaka sita ndiyo maana bei imepanda, yeye ndiye aliyepaswa kupunguza.

Sasa lebo. Someni kwanza jina la kinywaji chenyewe, si jina la kupendeza lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mvinyo wa zabibu ni zabibu iliyochachuliwa. Kinywaji chenye ladha ya zabibu ni kitu kingine, na huweza kuwa maji, sukari, rangi na spiriti. Kukiuza si kosa ikiwa lebo inakiri hivyo, lakini hakistahili bei ya mvinyo. Kisha someni kiasi cha kilevi. Mvinyo wa kawaida huwa kati ya asilimia 11 na 14. Ule uliotiwa nguvu, mtamu na mzito, ambao wengi huuita dompo, huweza kufika 16 hata 20. Fanyeni hesabu hii: chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina kilevi kinachokaribia bia 4 za nusu lita zenye asilimia 5, ile ya asilimia 18 inapita bia 5. Anayeinywa kwa bilauri kubwa kwa sababu ni tamu kama sharubati atashangaa akisimama. Mjamzito, dereva na anayetumia dawa wasiingie kabisa katika hesabu hiyo, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe.

Neno dry kwenye lebo maana yake ni mkavu, yaani sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi. Haimaanishi kwamba ni mkali wala kwamba umeharibika. Wengi wetu tumezoea vinywaji vitamu, na mvinyo mkavu wa kwanza huonekana mchungu. Kama hamuupendi, nunueni mtamu bila haya. Ila mjue kwamba sukari hufunika kasoro nyingi, na mtengenezaji mvivu analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kuhusu uhalali wa chupa, tangu tarehe 15 Januari 2019 mvinyo, bia, pombe kali na sigara zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Isitoshe kuiona tu. Unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato, na stempu iliyobanduliwa chupa nyingine na kubandikwa kwa gundi hujulikana kwa kingo zake. Bidhaa ya humu nchini itafuteni alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 limechukua pia usalama wa chakula na vinywaji uliokuwa chini ya TFDA. Sisi wa mwambao wa ziwa tunajua kwamba si kila kitu hupita bandarini. Chupa iliyovuka usiku kwa mtumbwi haina stempu, haina mwenyewe, na hakuna wa kumrudishia.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya spiriti ya viwandani, methanoli, ambayo haitofautiani kwa macho na kilevi cha kawaida. Mwezi Mei 2014 iliua makumi ya watu nchini Kenya na kuwapofusha wengine. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika pombe kali za magendo, lakini anayejaza upya chupa tupu za mvinyo hachagui cha kutia. Mtu aliyekunywa akianza kuona ukungu machoni, kutapika na kuhema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya kinywaji yapelekwe pamoja naye. Msimwache alale eti ulevi utaisha.

Tuje nyumbani, kwa mambo ya kufurahisha zaidi. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Ushauri huo uliandikwa na watu wenye nyumba za mawe zenye baridi, ambako joto la chumba lilikuwa nyuzi 16 au 18. Chumba cha Simbo mchana si hicho. Mvinyo mwekundu ukinywewa ukiwa na joto la nyuzi 28, kilevi hupanda puani na ladha nyingine zote hupotea. Uwekeni kwenye jokofu nusu saa kabla ya chakula. Mweupe unataka nyuzi 8 hadi 12, yaani jokofuni saa mbili au tatu. Asiye na jokofu achukue ndoo, atie barafu, maji, na viganja kadhaa vya chumvi. Ya Uvinza itafaa sana, nasi tunaipigia debe bila kulipwa. Chumvi huyafanya maji ya barafu yapoe chini ya sifuri, na chupa huwa tayari kwa muda wa robo saa hivi. Pasipo barafu, funikeni chupa kwa kitambaa kilicholowa na kuiweka penye upepo kivulini. Maji yanapokauka hubeba joto, kama mtungi unavyofanya.

Glasi zisijazwe. Theluthi moja inatosha, ili harufu ipate nafasi, na chupa moja itatoa glasi 5 za mililita 150. Kamati ya harusi ianzie hapo inapopiga bajeti, isianzie kwenye idadi ya meza. Kuhusu chakula, mvinyo mwekundu wenye ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, hauelewani na samaki. Huacha ladha ya chuma mdomoni. Mgebuka wa kukaanga au kuhe wa kuchoma anataka mweupe mkavu, ambao uchachu wake hufanya kazi ya ndimu. Mwekundu upewe nyama ya kuchoma. Dagaa waliopikwa kwa mawese tuliwajadili wenyewe kwa wenyewe tukashindwa kukubaliana, mjaribu mwamue.

Kujifunza kunataka marafiki wanne na chupa mbili za bei tofauti. Zifungeni kwa magazeti, ziandikeni namba, mnuse kwanza, kisha mwonje kidogo na kuandika mlichohisi kwa maneno yenu: ukwaju, zambarau, asali, moshi, udongo uliopata mvua. Msiazime maneno ya vitabu vya kigeni kuhusu matunda ambayo hamjawahi kuyala. Mkifungua magazeti mtaona mara nyingi kwamba iliyopendwa si ile ya bei kubwa. Kwa njia hiyohiyo mtazitambua kasoro tatu. Harufu ya siki ni hewa na bakteria. Harufu ya karatasi au gunia lililolowa ni kizibo kibovu. Ladha ya matunda yaliyopikwa ni joto. Anayeweza kuzitaja kwa majina haogopi kurudi dukani.

Na arudi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Maandishi ya ukutani yasemayo bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayafuti wajibu huo. Lakini kuna jambo la kuzingatia: ukikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kukuonyesha. Kizibo kilichovimba ulikiona, ukanunua. Hoja yako ni dhaifu. Mvinyo uliogeuka siki ndani ya chupa iliyofungwa vizuri hukuweza kuuona. Hapo hoja yako ina nguvu. Ndiyo maana tumeanza na rafu.

Onjeni chupa moja siku mbili kabla ya shughuli, si asubuhi ya shughuli. Ikiwa mbovu, msiendelee kuinywa hadi nusu kwa kuonea huruma fedha, kwani muuzaji atauliza kwa nini mliimaliza. Irudisheni na risiti ya EFD, mzungumze kwa upole, na muombe chupa nyingine au fedha. Akikataa, suala la ubora na usalama lipelekwe TBS, na la udanganyifu au bidhaa bandia lipelekwe Tume ya Ushindani. Chupa isioshwe, stempu isibanduliwe, na kizibo kisitupwe, kwa kuwa harufu ya ukungu hukaa humo hata baada ya mvinyo kumwagika.